109 ya mjomba: shajara ya chasisi na springi

8 Februari

Leo tumevua bodi. Nilitenga siku tatu, lakini kufika saa tisa alasiri kazi ilikuwa imekwisha, maana Land Rover hizi za zamani bodi yake ni bolti na nati tupu, haikuchomelewa popote kwenye chasisi. Watu sita walinyanyua kitanda cha nyuma wakakiegemeza kwenye mwembe. Kuku wameshakifanya banda.

Gari ni Series III, pickup ya dizeli, ya mwaka 1978. Hiyo 109 ni inchi za umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama milimita 2,769. Mjomba wangu alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Shamba lilipopiga mnada magari chakavu akalinunua, akalitumia hadi macho yalipomkataza kuendesha, ndipo likaja kwangu hapa Tanga.

Kila aliyeliona alisema bado zima. Bodi yake ni aluminiamu, haishiki kutu hata ukilitupa ufukweni. Nami nilidanganyika hivyo hivyo. Mwaka jana mlango wa kulia ulianza kukwama. Nikapiga tupa kitasa. Ukakwama tena, nikabadilisha bawaba. Ukazidi. Kijana mmoja wa kuchomelea akaupinda mgongo akachungulia uvunguni, akagonga chuma kwa nyundo ndogo huku akisogea kuelekea nyuma: ngi, ngi, ngi, pwa. "Kaka, mlango hauna kosa. Nyumba ndiyo inaanguka."

Alikuwa sahihi. Chasisi ya 109 ni mihimili miwili mirefu kama ngazi, na kila mhimili ni boksi la mabamba manne ya unene wa milimita 2 hivi yaliyochomelewa kwenye kingo. Tope linaingia kwa matundu, linakaa humo ndani, mvua ikija linalowa upya. Kutu inaanzia ndani. Ukiiona nje, ujue ndani ilishahamia zamani na kuleta familia.

Matokeo ya leo: boriti ya nyuma bisibisi inapita kama kwenye mkate. Mikono miwili inayobeba ukuta wa mbele wa kabini imekwisha, wa kulia umebaki umbo tu, na hapo ndipo mlango ulipopata ugonjwa. Sehemu nyingine za mihimili zinaitika nyundo vizuri.

Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua. Pembe ya mbele ya kulia, pale springi inapoanzia, ina ufa wa urefu wa kidole, na hakuna kutu hapo. Chuma kizima, kimepasuka.

9 Februari

Maji ya presha asubuhi nzima. Ndani ya mihimili umetoka udongo mwekundu ndoo moja na nusu, nyuzi za mkonge, na senti hamsini ile ya sungura. Sarafu nimeiweka kwenye kopo la bolti.

15 Februari

Siku ya vipimo. Nimejifunza kwamba chasisi haipimwi kwa jicho wala kwa futi kamba inayoning'inia hewani. Unashusha timazi kutoka kwenye tundu la bolti unalolijua, unaweka alama ya chaki sakafuni. Unafanya hivyo matundu manane, kushoto na kulia. Kisha unasukuma chasisi pembeni na kupima zile alama chini, kona kwa kona. Mishazari miwili ikilingana, chasisi imenyooka.

Yangu imetofautiana milimita 11, na karibu zote ziko mbele ya injini. Nyuma pamoja na ubovu wote pako sawa. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinaivuta ile pembe ya kulia miaka mingi.

16 Februari

Nimekipata.

Nilikuwa natoa springi za mbele. Bolti za shekeli, vile vipande viwili vinavyoning'iniza ncha ya springi, zilikuwa zimeoana na bomba la ndani la bushi, ile pete ya mpira ya kwenye ncha ya springi. Kuzigonga ni kupoteza nguvu, kwa sababu mpira wa bushi unameza kila pigo. Na usije ukahangaika kutafuta nati upande wa pili kama mimi: kipande kimoja cha shekeli chenyewe kimekatwa nyuzi, ndicho nati. Bolti sita kati ya nane za gari zima nimezikata kwa grenda.

Springi ilipokuwa chini nikahesabu majani, yale mabamba yanayopangwa kuunda springi. Ya kulia ina majani mawili ambayo si ya Land Rover kabisa. Ni mapana kwa milimita tatu, manene, bila shaka ya lori. Ya kushoto ina moja.

Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Nimefika kwenye springi. Nani aliongeza majani mbele?"

Akacheka. "Mimi. Pua ilikuwa inalala."

"Ilikuwa inalala kwa nini?"

Kimya kidogo. Halafu: "Si lile bampa."

Bampa! Mashamba ya mkonge yalikuwa na reli nyembamba za troli za kusombea majani ya mkonge hadi kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi. Reli zilipong'olewa, mjomba alikata kipande akatengeneza bampa la mbele, akalifunga kati ya zile pembe mbili. Wanaume wawili hawalibebi bila kupumzika njiani. Pua ikalala, akaongeza majani ili ikae sawa. Springi ikawa ngumu, haijipindi tena. Kila shimo la barabara ambalo springi ilipaswa kulimeza likawa linapelekwa moja kwa moja kwenye pembe, na pembe ina bamba la milimita mbili. Ndiyo huo ufa. Kutu imekula nyuma, lakini mbele aliyevunja ni fundi, tena fundi mzuri, aliyekuwa anatibu tatizo alilolileta mwenyewe.

Sijamwambia hivyo. Nimemwambia bampa halirudi. Ameomba lisiuzwe chuma chakavu.

22 Februari

Wiki nzima nimekuwa nikiulizwa kwa nini nisinunue chasisi nyingine. Uingereza wapo wanaotengeneza mpya, zimechovywa zinki ndani na nje, hazitanidai kutu maisha yangu yote. Nimepiga hesabu ya bei, meli na ushuru. Ningebaki na chasisi nzuri sana na gari lisilo na injini. Ya mtumba ipo Gerezani, Dar, nimetumiwa picha, imepakwa lami nyeusi nzito kila mahali. Chuma kilichopakwa lami kabla ya kuuzwa mimi sikigusi.

Halafu kuna suala la namba. Namba ya chasisi ya gari hili imegongwa kwenye pembe ya mbele ya kulia. Ndiyo, hiyo hiyo yenye ufa, na ufa umepita sentimita nne nyuma ya namba. Ukibadilisha chasisi unabadilisha namba, na hapo unaanza safari nyingine ya TRA, mamlaka ya mapato. Tutatengeneza hii hii.

8 Machi

Ramadhani. Kijana wa kuchomelea amefunga, na kuchomelea kwa jua la Tanga bila maji ni kujiua, kwa hiyo anakuja baada ya tarawehe na tunafanya kazi hadi karibu na daku. Imekuwa heri: usiku umeme hauyumbi, na joto la chuma linasomeka kwa macho.

Kabla ya kukata chochote tumefunga chasisi kwa vyuma vya pembe, viwili vya mshazari na kimoja cha kukingama, vimeshikizwa kwa nukta tu. Ukikata boriti ya nyuma bila kufunga, mihimili inajifungua kama miguu ya mkasi.

Upinde wa mbele tumeuvuta kwa mnyororo na jeki ya tani kumi. Unavuta hadi upitilize kidogo, unaachia, inarudi, unapima. Mara ya tano tofauti ikawa milimita 2. Nikasema basi.

Ufa wenyewe: tundu dogo la keekee kila mwisho ili usiendelee kutembea, kisha tumeufungua kwa grenda hadi ukawa mfereji, tukaujaza, tukasawazisha. Juu yake kiraka cha milimita 3. Kijana alitaka kuweka cha milimita 6, "iwe ngumu kabisa". Hapo tulibishana hadi chai ikapoa. Ukiweka bamba nene juu ya bamba jembamba, kazi yote ya kujipinda inahamia kwenye ukingo wa kiraka, na mwaka ujao ufa uko hapo. Nimemwomba pia kiraka kisikatwe mraba. Kimekatwa ncha kama jani la mwembe, mshono usivuke mhimili kwa mstari mmoja. Amekubali kwa shingo upande.

15 Machi

Mkono wa kulia umechomelewa. Boriti ya nyuma mpya, tumekunja wenyewe kwa bamba la milimita 3. Tunachomelea inchi moja upande huu, inchi moja upande ule, tunaacha ipoe. Haraka hapa inalipwa kwa chuma kupinda.

16 Machi

Mkono wa kulia umekatwa.

Kosa ni langu. Chasisi ilikuwa imelala juu ya mapipa mawili na kisiki kimoja, maana pipa la tatu jirani alilichukua. Ijumaa usiku ilinyesha, kisiki kikazama ardhini, chasisi ikajipinda kidogo, na mimi sikupima tena kabla ya kuwasha mashine. Asubuhi tumejaribisha ukuta wa mbele wa kabini: tundu la bolti limepishana milimita 9. Tisa si nyingi ukiwa unajenga banda. Kwenye mlango wa 109 ni tofauti ya kufunga na kutofunga.

Kijana alisema tupanue tundu. Nilitamani, saa tisa ya usiku nilitamani sana. Lakini mlango ndio ulionileta huku.

Kisiki kimekuwa kuni. Nimekodi mapipa mawili zaidi, na sasa napima kabla ya kila mshono. Mkono mpya umeingia ukiwa umefungwa kwa bolti kwenye ukuta wenyewe, ndipo ukachomelewa. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo.

23 Machi

Rilei ya stelingi. Wenye Land Rover za Series wanaijua: silinda iliyochomekwa wima ndani ya boriti ya mbele, inayohamisha mzunguko wa usukani kwenda kwenye magurudumu. Imekaa humo tangu 1978 na maji yote ya barabara yanapita kati yake na boriti.

Dizeli siku tatu. Moto wa gesi. Nyundo. Haikusogea hata unywele. Kwa kawaida watu huweka jeki chini ya rilei na uzito wa gari wenyewe unaisukuma itoke, lakini sisi gari tumeshalivua, jeki inanyanyua chasisi nzima kama kitanda cha kamba. Mwishowe tumepitisha mnyororo juu ya boriti na kuufunga chini ya kitako cha jeki, ili jeki ivutane na boriti yenyewe. Tukapasha moto, tukakaza, tukaenda kufuturu. Tukiwa kwenye uji tukasikia mlio kama bunduki. Jirani alitoka nje. Imetoka.

Onyo kwa atakayefuata: ndani ya hiyo silinda kuna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Ukiifungua bila tahadhari inaruka na inaweza kukupasua uso. Niliifunga gunia mara mbili, nikaifungulia ndani ya ndoo, na hata hivyo ndoo imepata tundu. Vipande vya ndani vilikuwa vizima, sili tu zimekauka. Imefungwa upya, imejazwa oili, na nimepaka grisi tele kwenye boriti kabla ya kuirudisha, kwa faida ya mjinga mwingine miaka hamsini ijayo.

5 Aprili

Baada ya Idi, springi.

Mzee anayefua springi yuko chini ya mkungu, ana tanuri la mkaa lenye feni ya kompyuta na fuawe ambayo ni kichwa cha reli (ya troli, bila shaka). Nilimpelekea majani yote, yale ya lori nikayaacha nyumbani. Nilikuwa na malalamiko kwamba hata bila yale ya kuongeza, springi ya mbele ya kulia ina upinde mkubwa kuliko ya kushoto, nikadhani kiwandani walikosea au mtu alibadilisha. Mzee hakuinua hata kichwa. "Dereva anakaa wapi?" Kulia. "Tangi?" Chini ya kiti chake, kulia. "Sasa?" Nikanyamaza. Zimetengenezwa hazilingani makusudi, na ukizibadilishana gari linainama upande mmoja ukiwa peke yako ndani.

Kila jani analipasha hadi liwe jekundu la kuiva, analipinda juu ya kipimo cha chuma, analichovya kwenye oili chafu. Jani likitoka hapo ni gumu kama chupa na linavunjika kama chupa, kwa hiyo linarudishwa motoni tena, taratibu. Namna ya kujua limefika ndiyo iliyonipendeza. Anachukua kijiti kikavu anakisugua juu ya jani. Mwanzo kinateleza tu. Baadaye kinaacha mstari mweusi. Kijiti kinapoanza kutoa cheche ndogo, anatoa jani na kuliacha lipoe kwenye majivu. Kwenye karakana kubwa kuna kipimajoto cha kazi hiyo. Yeye ana kijiti, na majani yake yako chini ya nusu ya daladala za mji huu.

Majani mawili aliyakataa. Ncha ya jani la chini huchimba mfereji kwenye jani la juu yake, na mfereji ukiwa wa kina ndiko kunakoanzia kuvunjika. Yaliyobaki nimeyasawazisha kwa grenda, nikaviringisha ncha zote, nikapaka grisi nyembamba katikati.

12 Aprili

Masika imekolea. Brashi ya waya, dawa ya kutu, redi oksaidi mara mbili, nyeusi mara mbili, kila koti likisubiri siku isiyo na mvua. Hakuna cha kusimulia.

Ndani ya mihimili ndipo penye hoja. Wengi humwaga oili chafu, inanuka na inavuja wiki moja kisha inaisha. Nimeyeyusha nta ya nyuki kutoka Handeni kwenye oili ya gia, nikaisukuma kwa kompresa kupitia mpira mrefu uliotobolewa mwishoni, ukiingia tundu moja na kurudi nyuma polepole. Nimetoboa pia matundu mapya ya kutolea maji chini ya mihimili, manane, ya milimita 8. Kiwandani waliweka machache na yote huziba kwa tope.

20 Aprili

Bushi. Zile za kwenye chasisi zimekaa ndani ya bomba lililochomelewa mhimilini. Choma mpira utoke, ingiza msumeno wa chuma ndani, kata gamba la nje upande mmoja bila kugusa bomba, kisha tindo. Dakika arobaini kila moja, na moshi wake majirani hawajanisamehe. Mpya zimeingia kwa bolti ndefu, nati na washa nzito, bila kugonga.

Jioni springi zote nne ziko juu, ekseli zimefungwa, shokapu mpya. Bolti za shekeli nimeziacha zimeshikwa kwa mkono tu. Kijana alikuja na spana nikamzuia. Mpira wa bushi hizi umegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, hauzunguki, unajisokota. Ukikaza gari likiwa hewani, springi zikiwa zimening'inia, basi siku utakayoliteremsha mpira wote utakuwa umeshasokotwa kabla hata ya shimo la kwanza. Utachanika ndani ya miezi. Literemshwe kwanza, bodi iwe juu, likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Nadhani nusu ya bushi zinazosemekana "feki" ziliuawa na spana iliyotangulia.

3 Mei

Bodi imerudi. Chini ya kila mguso wa aluminiamu na chuma nimeweka ukanda wa mpira wa tyubu, maana pale viwili hivyo vinapogusana na maji yakawepo, aluminiamu hugeuka unga mweupe. Kuku wamehamishwa kwa nguvu.

Mlango wa kulia, bawaba zile zile, kitasa kile kile nilichokiharibu kwa tupa: umefunga. Nimeufunga na kuufungua labda mara ishirini. Mke wangu amehesabu, anasema thelathini.

Limeteremka kwenye matairi, limetikiswa, limekaa. Shekeli zimekazwa.

10 Mei

Mjomba amekuja kutoka Muheza. Tumekwenda barabara ya Pangani na kurudi, yeye abiria, mkono mmoja kwenye dirisha. Palipokuwa na mashimo alikuwa anajiandaa, anabana meno, na pigo linakuja dogo kuliko alivyolitarajia. Hakusema kitu hadi tuliporudi. Akaenda kukalia bampa lake, ambalo sasa ni benchi chini ya mwembe, akauliza kama nimekaza yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli.

Sijakaza. Rangi mpya chini ya yubolti hujibana, majani nayo hujipanga, kwa hiyo baada ya kilomita za mwanzo lazima zirudiwe. Nimelala chini mbele yake. Nati ya nyuma kushoto imeenda karibu nusu mzunguko.

11 Mei

Usiku imenyesha, na jana tulipita madimbwi. Nimepita na tochi uvunguni kukagua matundu ya kutolea maji. Saba yana tone la kahawia linaloning'inia. La nane, nyuma ya mkono wa kulia, ni kavu kabisa. Nimeingiza spoki ya baiskeli: kikatoka kipande cha taka ya kuchomelea, kisha maji ya kujaza kikombe. Kesho nalipanua liwe milimita 10.